Likizo ya Bawabu

Mume wangu ana ugonjwa ambao hospitali hazina dawa yake: hawezi kukaa bila kuulizwa. Mtu akimuuliza saa tu, uso unachangamka. Mgeni akipotea njia akamuuliza yeye, atamsindikiza hadi mlangoni anakokwenda na kurudi nyumbani akiwa na hamu ya kula. Nimeishi naye tangu nywele zake ziko zote kichwani, kwa hiyo ninayosema hapa sikuhadithiwa.

Kazini wanamwita Bawabu. Ofisi yao inatengeneza programu ya kompyuta inayotumiwa na maghala ya vifurushi: unapeleka mzigo wako, unapimwa, unaandikishwa, na ukifika mwisho wa safari mpokeaji anapata ujumbe kwenye simu. Wanaoandika msimbo wa programu hiyo ni wengi, lakini hakuna mstari unaoingia kabla mume wangu hajausoma na kuukubali. Vijana wanaleta kazi zao na kusimama nyuma ya kiti chake kama wanaosubiri majibu ya daktari. Yeye anasoma polepole, anaguna, anauliza, "Hii uliiwaza au ilikujia?" Kisha anafundisha, na lazima niseme kweli, anafundisha vizuri. Wanamlalamikia na wanampenda.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari langu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwangu, na sehemu ngumu ya kazi yangu ni kuuzuia mguu wangu usiikanyage ile ya kwangu. Ndiyo maana ugonjwa wa mume wangu niliutambua mapema, na ndiyo maana sikuwa na huruma nao.

Shida ilikuwa binti yetu. Ni mtoto wetu wa pekee, ameolewa mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima. Siku ya harusi yake, ulipofika wakati wa picha ya familia, baba mtu alikuwa ndani ya gari nje ya ukumbi, laptopu mapajani, kwa sababu kuna kijana wa ofisini alikuwa amemuuliza kitu. Mpiga picha alisubiri mpaka akachoka. Katika picha iliyotundikwa sebuleni kwa binti yetu, kati yangu na bibi harusi kuna nafasi ya mtu mmoja. Wageni wakiuliza, anawaambia Baba alikuwa kazini. Hasemi kwa hasira. Angekuwa anasema kwa hasira ningepata usingizi.

Alipojifungua mtoto wa kiume alinipigia simu, akaniomba niende kumsaidia maana amechoka. Nikamuuliza, na baba yako?

"Usimsumbue, Mama," akasema. "Akipata nafasi sawa. Asipopata, si neno."

Lile "si neno" lilinichoma. Mtoto anayemgombeza baba yake bado anamtaka. Anayesema si neno ameshafunga mlango, ila ana adabu ya kutoubamiza, na huyu sasa alikuwa na mtoto wa kumlea humo ndani. Niliona wazi kwamba mume wangu asipokwenda safari hii, hatakuwa na wa kumwendea tena. Nikamwambia palepale, akiwa anamenya chungwa, kwamba likizo haiahirishwi. Alikuwa ameiahirisha mara nyingi kiasi kwamba mpangaji wa likizo ofisini kwao alikuwa anaandika jina lake kwa penseli.

Alisema anataka sana kwenda, lakini ofisi itabaki na nani. Nikamwambia ofisi itabaki na ofisi.

Kumbe bosi wake naye alikuwa na lake. Siku hizi vijana wa pale hawaandiki msimbo peke yao. Kila mmoja ana msaidizi wa akili mnemba kwenye kompyuta: unamwambia unachotaka, anaandika, unamsahihisha, anaandika tena. Msaidizi huyo, kwa maelezo ya mume wangu, ana akili nyingi na hana malezi. Amesoma mambo ya dunia nzima isipokuwa mambo ya nyumba yenu. Basi kila kijana alikuwa anamfundisha wake kivyake, kila asubuhi upya. Msaidizi wa mmoja alihifadhi namba za simu kama hesabu za kawaida, sifuri za mbele zikadondoka, na wateja wa ghala zima wakakosa ujumbe. Msaidizi wa mwingine alituma ujumbe wa vifurushi alfajiri, watu wakakurupuka vitandani wakidhani kuna msiba.

Bosi akakata shauri. Kuwe na folda moja ya pamoja, ikae palepale inapokaa programu, na ndani yake yaandikwe mambo ya nyumba hii, kila ujuzi na faili lake. Wasaidizi wote wataisoma hiyo hiyo, na wote watakuwa wamelelewa na mama mmoja. Wa kuandika ni Bawabu, maana mambo yenyewe yako kichwani mwake. Folda ikifanya kazi kutwa nzima bila yeye, aende kwa mjukuu. Isipofanya, abaki mpaka ifanye.

Mume wangu alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyeombwa amtafutie mkewe mume mwingine.

Aliandikia kwenye meza ya kulia chakula, tukawa tunakula kwenye makochi sahani zikiwa mapajani. Alinieleza kwamba kila faili lina jina, lina maelezo mafupi ya lini litumike, halafu hatua zenyewe. Msaidizi husoma kwanza yale maelezo mafupi tu. Akiona yanahusu kazi aliyopewa ndipo anafungua faili lote. Yakiwa hayahusu, analiacha lilale. Alinieleza kwa raha kabisa, kwa sababu nilikuwa nimemuuliza.

Na aliandika vizuri. Kulikuwa na faili la namba za simu, zitunzwe kama maandishi, sifuri isiguswe. Kulikuwa na la ujumbe, usitoke kabla mzigo haujapanda mizani, na usitoke saa ambazo watu wamelala. Nilivaa miwani nikasoma moja, nikasoma jingine, nikafika la tatu nikaanza kucheka. Kila faili lilimalizika kwa sentensi ileile: kabla ya kuendelea, hakikisha kwanza na Bawabu. Na yale maelezo mafupi ya lini litumike, katika mafaili yote, alikuwa ameandika: kila wakati, kwa kazi yoyote.

"Mume wangu," nikamwambia, "hapa umeandika njia ndefu ya kuja kwako."

Akasema hiyo ni tahadhari tu. Nikamwambia mwanafunzi anayeamriwa kumuuliza mwalimu kila kona haendeshi gari, anamtembeza mwalimu. Akaniambia niache mambo ya magari. Nikaacha, nikarudi kwenye sahani yangu, maana nilijua siku ya majaribio inakuja na sikutaka kuiharibia utamu.

Siku hiyo aliamriwa asikanyage ofisini. Tulikwenda kununua nguo za mtoto, katika duka lenye vitu vidogo vidogo kiasi kwamba mume wangu alitembea mikono nyuma kama yuko makumbusho. Nilikuwa nimeshika soksi zinazotosha kidole gumba changu simu yake ilipoanza kulia. Akapokea, akajibu, akakata. Ikalia tena. Ofisi nzima ilikuwa imesimama. Kila msaidizi, kwa kila kazi, alifungua mafaili yote, akasoma habari za mizani na sifuri na usingizi wa watu, kisha akaandika kwa heshima kwamba hawezi kuendelea hadi Bawabu athibitishe. Kijana mmoja alikuwa anabadilisha rangi ya kitufe kutoka kijani kwenda buluu. Naye aliambiwa amuulize Bawabu.

Nilitaka kucheka, lakini nilimtazama usoni. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya vitanda vya watoto, simu sikioni, anaeleza jambo la kitufe, na aling'aa. Sikumwona aking'aa vile hata siku ya harusi yetu. Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Miaka yote nilikuwa nailaumu kazi, na kazi haikuwa na kosa lolote. Aliyekuwa anaharibu kila kitu ni ile furaha. Nikarudisha soksi mahali pake, nikatoka nje, nikamwacha akinitafuta kati ya matandiko.

Bosi hakupiga kelele. Alimtuma Kiroboto.

Kiroboto ni msichana mdogo wa umbo ambaye kazi yake pale ofisini ni kuijaribu programu mpaka ivunjike. Wanamwita hivyo kwa sababu humwoni anapoingia, unamjua kwa kujikuna. Alikuja Jumamosi asubuhi, akaniamkia kwa adabu zote, akakaa mezani karibu na mume wangu, akafungua faili la kwanza na kumuuliza swali moja tu.

"Hapa wakikuuliza, Mzee, huwa unawajibu nini?"

Faili lenyewe lilihusu kufuta mzigo kwenye programu. Mume wangu akasema inategemea. Kiroboto akauliza inategemea nini. Mume wangu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema hilo ni jambo la uzoefu. Kiroboto akakubali, akanywa chai, akauliza kama imewahi kutokea mtu akaomba kufuta mzigo naye akamruhusu. Mume wangu akafikiri. Nilikuwa naosha vyombo na nilizima bomba ili nisikie. Akasema hapana, haijatokea, hakuna mzigo unaofutwa, unawekewa alama tu kwamba umeondolewa. Kuna mama aliwahi kufuata dawa ghalani akaambiwa mzigo wake haumo kwenye programu, na dawa zilikuwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wa karani.

"Kama jibu ni hapana siku zote," Kiroboto akasema, "basi hawaji kukuuliza, Mzee. Wanakuja kukusalimia."

Nilidhani atamfukuza. Alisimama, akaenda dirishani, akatazama nje ambako hakukuwa na kitu, akarudi, akakaa. Akaandika: mzigo haufutwi, uwekewe alama, na sababu ni hii. Aliandika na habari za yule mama wa dawa, kwa sababu Kiroboto alisema msaidizi akijua sababu, ataamua vizuri hata pale ambapo hakuna aliyemwandikia. Kisha akaifuta sentensi ya mwisho, ile yenye jina lake.

Wakaendelea hivyo mpaka mchana. Maelezo ya lini faili litumike nayo yakapunguzwa ukubwa: hili ni la namba za simu, litumike penye namba za simu, basi. Mara nyingine mume wangu alipandisha sauti, Kiroboto akamsubiri ateremke. Nilikuja na chai, na mihogo, na maji, na visingizio vingine vya kukaa karibu, nikifurahia kila jina lake lilipofutwa kama mtu anayetazama mpira. Walipofika kwenye lile la kubadilisha namna mpokeaji anavyotambuliwa, wote wawili walikubaliana kwamba hapo lazima aulizwe binadamu, vinginevyo mzigo wa mtu unaweza kuchukuliwa na mwizi. Mume wangu akachangamka, akaanza kuandika jina lake. Kiroboto akasema taratibu kwamba Mzee atakuwa safarini, kwa hiyo aandike mtu wa zamu.

Vidole vya mume wangu vilikaa juu ya vitufe bila kushuka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka na kicheko hakikuja. Nilimhurumia. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba mtu huyu hana kitu kingine: ukimwondolea kuulizwa, hajui aende akasimame wapi. Akaandika "mtu wa zamu", akasukuma kiti nyuma, akasema kichwa kinamuuma.

Lilibaki jambo moja. Folda ya wote haiwezi kuachwa wazi, kila mtu aweke anachotaka, maana kinachowekwa humo kinawafikia wasaidizi wote siku hiyo hiyo. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeweka sheria kwamba hakuna faili linaloingia wala kutoka bila idhini ya mwenye lango. Sasa lango likahitaji mtu. Akamkabidhi Kiroboto.

Nilimsindikiza msichana hadi nje. Huruma yangu ilikuwa imeshapungua kiasi, na akili yangu ilikuwa inafanya kazi. Nikamuuliza, hivi huyo msaidizi wenu anamtii nani? Akasema anatii kilichoandikwa kwenye folda. Na kwenye folda anaandika nani? Yeyote, Mama, mradi kiidhinishwe. Na anayeidhinisha sasa ni nani?

Kiroboto alinitazama, nikamtazama. Akatoa simu mfukoni, tukasimama pembeni ya ukuta kama wanafunzi waliotoroka kipindi, mimi nikisema na yeye akiandika. Aliniuliza kama Mzee hatakasirika. Nikamwambia atakasirika, na ndiyo raha yenyewe.

Tukasafiri. Folda ilikuwa imeshinda majaribio yake ya pili kutwa nzima bila simu hata moja, na mume wangu alikaa kimya njia nzima kama aliyetoka kuzika. Aliniapia kwamba laptopu ameiacha nyumbani. Nilimwamini kwa mdomo.

Binti yetu alimpokea baba yake kwa heshima zote, na heshima hizo ndizo zilizonitisha. Mimi nilirushiwa mtoto mlangoni kabla sijatua mkoba, nikaambiwa, Mama shika, naenda kuoga. Mume wangu alikaribishwa kwenye kiti chenye mto, akaletewa chai kwenye sinia, akaulizwa habari za safari. Mjukuu alionyeshwa kwa umbali, kama unavyoonyeshwa cheti cha mtu. Babu mtu akanyoosha kidole akagusa unyayo wa mtoto, akakirudisha haraka.

Siku zikaenda hivyo. Mkwe wetu, mwanaume mpole, alitoka asubuhi kwenda kazini na kutuacha sisi. Binti yetu akitaka kitu aliita Mama, hata kama kitu chenyewe kiko mbele ya baba yake. Mume wangu alikaza bomba ambalo halikuwa limelegea. Alipanga viatu mlangoni, akavipangua, akavipanga tena kwa ukubwa. Alikuwa anazungukazunguka pale karibu na sisi akisubiri aulizwe chochote, na hakuulizwa. Nilitamani kumwambia binti yetu amuombe hata maji, lakini ombi la kulazimishwa lingekuwa na faida gani.

Alasiri moja mtoto alikuwa amelala, mimi na binti yetu tunakunja nguo zake kitandani. Mume wangu akapita na ule mfuko wa zawadi tuliokuja nao, akatoka uani. Nilijua laptopu imo humo. Nilihesabu nepi nilizokunja ili nisicheke. Haikuchukua muda akarudi, laptopu ikiwa wazi mikononi, amebaki mlangoni.

"Ni wewe?" akaniuliza.

Nikamuuliza mimi nini. Binti yetu akanyoosha mkono, akaichukua laptopu, akaanza kusoma kwa sauti. Baba yake alikuwa amemwomba msaidizi amwonyeshe kazi zote zilizoingia tangu aondoke. Msaidizi akajibu: "Kwa makubaliano ya timu, uko likizoni na siwezi kukuonyesha kazi. Kwa dharura, yupo mtu wa zamu. Mtoto ameamka?"

Baba akamwandikia kwamba ujuzi wote huo ni yeye aliyeuandika. Msaidizi akajibu: "Asante sana, unatusaidia kila siku. Mtoto ameamka?"

Baba akaandika kwamba kuna hatari kubwa ghalani. Msaidizi akajibu kwamba mtu wa zamu atapata taarifa, na kwamba kama hana hakika mtoto ameamka au la, aende akaangalie, akipita bila viatu.

Hayo ya viatu ndiyo yaliyonishinda. Niliyasema mimi mwenyewe pale ukutani na sikukumbuka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, na binti yetu akacheka, akakaa chini kabisa sakafuni huku laptopu imemlalia magotini. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu kabla hajaolewa.

Mume wangu hakucheka. Alisema anaweza kulitoa faili lile la likizo yake kwenye mashine yake kwa kufumba na kufumbua, lakini lango ni yeye aliyelijenga na hawezi kuliruka. Kisha sauti yake ikashuka. "Wameidhinisha wote," akasema. "Kila mmoja ameweka jina lake, mpaka bosi. Na tangu nimeondoka, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu."

Kicheko changu kikakatika. Nilikuwa nimemfanyia mzaha, na yeye alikuwa amesoma barua ya kuachishwa kazi. Nikaanza kumweleza kwamba maneno yale ni yangu, kwamba wale watoto wanampenda, wanataka apumzike tu. Hakunisikiliza. Binti yetu naye alikuwa ameacha kucheka, anamtazama baba yake.

"Baba," akasema, "mimi nilikuwa nakuuliza."

Akahesabu kwa vidole.

"Nilikuuliza hesabu. Nikakuuliza baiskeli. Nikakuuliza kama nimkubali huyu mwanaume au nisubiri. Ulikuwa unaniambia, nikimaliza hii. Nikaacha."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja vitu vilivyokwisha jikoni. Alifunga laptopu, akaiweka juu ya zile nepi, akapangusa macho kwa kiganja. Mume wangu alibaki palepale mlangoni. Nilitaka aombe msamaha, nilitaka aseme lolote, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba hataweza. Chumba cha pili mtoto akaanza kulia. Nikainuka, kwa mazoea. Binti yetu naye akainuka. Lakini aliyefika wa kwanza ni baba yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa mlangoni, na tulimkuta ameinama juu ya kitanda cha mtoto, mikono ameitanguliza mbele na haigusi kitu.

"Nimshikeje?" akauliza.

Hakuniuliza mimi. Alimgeukia binti yake. Na mimi niliyeishi naye miaka yote hiyo nilisimama nikijaribu kukumbuka ni lini nilimsikia mume wangu akimuuliza mtu kitu asichokijua, na sikukumbuka hata mara moja. Binti yetu alimtazama muda mrefu, mtoto akizidi kupiga kelele, mpaka nikaogopa kwamba atasema si neno, Baba, acha.

"Kaa kwanza," akamwambia.

Alikaa. Binti yetu akamwekea mtoto mapajani, akaushika mkono wa baba yake na kuupitisha chini ya shingo, akauchukua wa pili akauweka panapotakiwa. Akamwambia asimbane. Akamwambia akilia asituite mara moja, ampe muda. Mume wangu aliuliza kama kichwa kiko sawa. Akauliza kwa nini anafanya vile na mdomo, ana njaa? Akauliza hiki kinachopigapiga utosini ni kitu gani, na kama kinauma. Binti yetu alijibu moja baada ya jingine, na kwa kila jibu alizidi kuinama karibu naye, mpaka nywele zake zikawa zinamgusa baba yake begani. Nililia, na sioni haya kusema.

Mtoto akatulia. Binti yetu akapiga miayo, akasema anakwenda kulala kidogo. Akamwambia baba yake, hakuniambia mimi. Akanipita mlangoni, akaingia chumbani kwake na kufunga.

Nilibaki na nepi moja mkononi. Nikamsogelea mume wangu nikamwambia alete, nimpokee mtoto, apumzishe mikono. Akatikisa kichwa bila kunitazama. Nikamuuliza kama anataka chai. Alikuwa anamnong'oneza mtoto. Nikaenda jikoni, nikafungua kabati moja baada ya jingine nikitafuta jambo lolote ambalo mtu ndani ya nyumba ile angelihitaji kutoka kwangu, na kila kitu kilikuwa mahali pake.